Kikao cha Bila Lawama

Nyanjige alipoacha kazi ya kompyuta katika benki moja Dar es Salaam na kurudi Simiyu, watu wa kwao Sola walidhani amefukuzwa. Mama yake aliulizwa kanisani, akajibu kwamba mtoto ameitwa na mwenzake waliyesoma naye Dodoma. Ilikuwa kweli. Malimi alikuwa akimpigia simu kila baada ya muda na maneno yale yale: kampuni inakua, wafanyakazi wawili alionao hawaelewani, na yeye amechoka kuwa mwamuzi.

"Huko benki mnafanyaje?" alimwuliza. "Njoo utufundishe hivyo hivyo. Ukija wewe, hii kampuni ni yetu wote."

Kampuni iliitwa Chanzo. Ilikuwa na vyumba viwili nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki mjini Bariadi, na ilitengeneza mfumo wa kuuza maji kwa kadi. Mtu anafika bombani na dumu lake, anagusisha kadi kwenye kisanduku cha bluu, maji yanatoka. Vijiji kadhaa vya Itilima na Maswa vilikuwa vimeshaacha kufukua maji kwenye mchanga wa mto kwa sababu ya visanduku hivyo.

Nyanjige hakuhitaji muda mrefu kuona tatizo. Chumba cha kwanza alikaa Naila, binti wa mwenye duka la vitenge sokoni, ambaye ndiye aliyeandika programu. Chumba cha pili, mlango umefungwa, alikaa Bundala, mtu mzima aliyewahi kuwa fundi wa minara ya simu. Yeye alitunza seva na visanduku vyote vya vijijini. Naila akimaliza toleo jipya la programu alilisukuma kwa Bundala kama mtu anayemtupia jirani taka juu ya ukuta. Likigoma, Bundala alisema programu ni mbovu. Naila alijibu kwamba kwake ilifanya kazi. Wakati huo kule kijijini watu wamesimama na madumu.

"Huu ukuta ndio ugonjwa wenyewe," Nyanjige alimwambia Malimi. Siku hiyo hiyo walihamisha meza zote chumba cha mbele.

Alichowafundisha, watu wa kompyuta wanakiita DevOps, lakini yeye hakupenda kulitumia sana jina hilo. Alisema tu kwamba anayeandika na anayeendesha ni timu moja, na bomba likikauka limekauka kwa wote. Naila akaanza kwenda vijijini na Bundala, akaona kwa macho yake jinsi vumbi linavyoingia kwenye visanduku na jinsi mtandao wa kijiji cha Migato unavyopotea mchana kutwa. Badala ya kukusanya mabadiliko mengi na kuyaachia kwa pamoja, wakawa wanaachia madogo madogo. Kila badiliko lilipimwa kwanza na kompyuta yenyewe, kisha likapelekwa kijiji kimoja tu na kukaa huko siku chache kabla ya kuenea kwingine. Likileta shida, kulikuwa na amri moja ya kurudisha toleo la zamani, na yeyote kati yao aliruhusiwa kuitoa bila kuomba ruhusa.

Kilichowapa tabu kukizoea ni kikao. Kila jambo lilipoharibika, Nyanjige aliwakalisha na kuwauliza kilichotokea, na sharti lilikuwa kwamba hakuna anayelaumiwa. Mara ya kwanza Bundala alikaa kama mshitakiwa. Seva ilikuwa imezimika asubuhi nzima. Mwishowe akasema, akitazama viatu vyake, kwamba alikuwa anawahi harusi Lagangabilili, akachomeka pasi anyooshe shati, umeme ukakatika ofisi nzima.

Naila akacheka. Nyanjige hakumkemea Bundala. Aliuliza, "Kwa nini seva yetu inategemea soketi ya pasi?"

Wiki hiyo seva ikapata waya wake na betri yake. Bundala alimwambia mkewe kwamba ofisini kwao siku hizi mtu anasema kosa lake na anaondoka na heshima yake. Malimi alikipenda kikao kile kuliko wote. Wageni walipokuja aliwasimulia habari zake. "Hapa ukisema ukweli haukuponzi," alikuwa akisema, na Nyanjige akimsikia alijua hakukosea kurudi nyumbani.

Kwa muda mrefu mambo yalikwenda vizuri kiasi kwamba kamati za maji ziliacha kupiga simu.

Kisha wafadhili waliolipia visanduku wakatoa taarifa kwamba watakuja. Malimi alikuwa na ahadi moja aliyoitoa bila kuwaambia wenzake: kwamba visanduku vyote vitakuwa tayari kupokea malipo ya simu kabla ya ziara hiyo. Naila alikuwa amemaliza kuiandika kazi hiyo na kompyuta ilikuwa imeipitisha. Kilichobaki ni kuijaribu kijiji kimoja.

"Hatuna muda wa kijiji kimoja," Malimi alisema. Alikuwa amemfuata Nyanjige nje, penye vyungu vya maua vya mwenye duka la vipuri. "Wakija wakakuta kijiji kimoja tu, watasema bado tunajaribujaribu. Achia kote."

"Tumekubaliana hatufanyi hivyo."

"Najua. Nakuomba mara hii moja. Mimi ndiye nitakayebeba. Nyanjige, tumetoka mbali mimi na wewe."

Njia ya kuruka hatua ile ilikuwepo, na ni Nyanjige peke yake aliyeweza kuifungua. Alimtazama Malimi, akaona jasho kwenye paji la uso wake, akakumbuka jinsi Malimi alivyomgawia chumba chake cha kupanga Dodoma mwaka ambao mkopo wa masomo wa Nyanjige ulichelewa. Akaingia ndani, akafungua, akaachia toleo jipya vijiji vyote.

Mchana simu zikaanza. Kadi za zamani, zile za bluu zilizotolewa mwanzoni kabisa, hazikutambulika tena. Ofisini hakuna aliyekuwa nayo hata moja, kwa hiyo majaribio yalifanyika kwa kadi mpya tu. Kijiji kimoja kingetosha kuonyesha hilo kabla jua halijawa kali. Nyanjige alitoa amri ya kurudisha toleo la zamani, na vijiji vingi vikapona muda huo huo. Migato haikupona. Mtandao ulikuwa umelala, amri haikufika, na Bundala akawasha pikipiki.

Njia ilikuwa imeharibiwa na mvua za masika. Alipofika kesho yake, mambo yalikuwa yameshaharibika kwa namna ambayo hakuna amri ya kuirudisha. Wenye kadi za zamani walikuwa wazee na wale walioukubali mradi tangu mwanzo, na hao ndio waliokosa maji. Wenye kadi mpya walichota. Mhudumu wa bomba la Migato aliitwa Martha, mwanamke mjane, mkimya, aliyeolewa pale kutoka Maswa. Wakwe zake walikuwa na kadi mpya. Watu wakaangalia nani anapata na nani hapati, wakafikia uamuzi wao. Walimwambia anachagua wa kunywa. Walimnyang'anya funguo za bomba, wakamwaga maji ya mtungi wake mbele ya watoto wake, na kuna aliyesema neno uchawi.

Bundala alirudi na habari hizo, akawa hawezi kula.

Walikaa kikao. Nyanjige ndiye aliyeanza. "Niliruka hatua ya kijiji kimoja," alisema. "Nilijua kwa nini ile hatua ipo, na bado niliiruka."

"Niliomba mimi," Malimi alisema haraka. "Nilimbana. Iandikwe hivyo."

Naila alisema hakukumbuka kabisa kwamba kadi za zamani zipo. Bundala alisema yeye alizijua lakini hakuulizwa, na hakufikiri ni kazi yake kusema. Wakakubaliana kwamba toka sasa hatua ile isiwe na mtu mmoja mwenye uwezo wa kuiruka, awe nani. Kikao kilikuwa kizito, lakini Nyanjige alipotoka alijisikia mwepesi kidogo. Alijua kilichobaki ni kwenda Migato kumsafisha Martha, na kwamba hataenda peke yake.

Mkutano na wafadhili na kamati za maji ulifanyika Lagangabilili, kwenye ukumbi mpya uliokuwa bado unanuka rangi. Wazee wa Migato walikuja na lori la pamba. Martha alikuja pia, akakaa nyuma kabisa na mtandio wake umeshuka hadi kwenye macho. Nyanjige, Naila na Bundala walikaa mstari wa pili.

Mgeni mmoja aliuliza swali lililotarajiwa. Ilikuwaje watu wakakosa maji, na kampuni imechukua hatua gani?

Malimi alisimama. Aliwasalimia wazee kwa Kisukuma, "Mwangaluka," nao wakaitikia. Kisha akaendelea kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliyejiandaa.

"Waheshimiwa, sisi tunao utaratibu madhubuti wa kuzuia jambo kama hili. Kwa bahati mbaya mtaalamu wetu mmoja, dada Nyanjige, aliuruka utaratibu huo. Amekiri mwenyewe, katika kikao, mbele ya wenzake. Alisema alijua na bado alifanya. Kama uongozi hatuwezi kulifumbia macho. Tumemsimamisha kazi."

Nyanjige alisikia habari ya kusimamishwa kwake pamoja na watu wote ukumbini.

Kwanza alidhani kuna sentensi nyingine inayokuja. Alimwangalia Malimi, akiisubiri. Maneno yalikuwa yake mwenyewe Nyanjige, yamenyooka kama alivyoyasema. Aliyatoa mahali ambapo alikuwa amewaambia wengine ni salama, na sasa yalikuwa yametolewa nje yakavalishwa sare ya ushahidi. Malimi alifungua chupa ya maji, akanywa, akaifunga kifuniko taratibu kuliko ilivyohitajika.

Mwenyekiti wa mkutano alimwuliza, "Dada, ni kweli?"

Nyanjige alisimama. Pembeni yake Naila alikuwa ameinama anafuatisha maua ya kitenge chake kwa kidole. Bundala alifunga macho. Wote wawili walikuwepo kwenye kikao. Wote walimsikia Malimi: niliomba mimi, iandikwe hivyo. Aliwapa muda. Alikuwa na uhakika kwamba mmoja wao atainuka, kwa sababu ndivyo walivyoishi wote tangu meza zihamishwe.

Hakuna aliyeinuka.

Angeweza kulisema mwenyewe. Jina la Malimi lilikuwa tayari mdomoni. Lakini aliona jinsi litakavyosikika, mtu aliyekamatwa anamvuta mwenzake, na aliona pia kwamba atakuwa amefanya kilekile alichofanyiwa.

"Ni kweli," alisema. "Niliruhusu mimi. Na nataka wazee wa Migato wasikie hili: mama Martha hakumnyima mtu maji. Ni programu yetu iliyokataa kadi za bluu. Yeye hakuwa na uwezo wa kumchagua mtu hata kama angetaka."

Aliketi. Nyuma kabisa Martha aliinua mtandio kidogo, kisha akaushusha.

Mkutano ulipokwisha, Malimi alimfuata kwenye maegesho. "Ilibidi mtu mmoja," alisema chinichini. "Wangefunga mradi. Wewe una ujuzi, unaweza kupata kazi popote. Naila na Bundala hawana pa kwenda. Mambo yakitulia nitakurudisha."

"Ungeniambia asubuhi," Nyanjige alisema.

"Ungekubali?"

Alifikiri. "Labda ningekubali. Ndiyo maana ungeniambia."

Alirudi Sola kwa mama yake. Hakueleza mengi, na mama yake, aliyekwishazoea kuulizwa kanisani, hakumsumbua. Kilichomkosesha raha haikuwa kazi. Ni kwamba alianza kurudia nyuma kila kikao walichowahi kukaa, kila mara Malimi alipotikisa kichwa na kusema asante kwa kuwa mkweli, akijiuliza ni lini mwenzake alianza kuyaweka yale maneno akiba. Hata habari ya pasi ya Bundala, iliyowachekesha, sasa aliikumbuka kwa woga kwa niaba yake.

Naila alituma ujumbe mrefu wa kuomba radhi. Nyanjige aliusoma, akashindwa kuujibu.

Mwezi wa tisa, Nyanjige na mama yake walikuwa shambani wanang'oa mabua ya pamba ili wayachome, wakaona gari la Chanzo linakuja likiyumba kwenye makorongo. Malimi alishuka. Alikuwa amekonda. Alimwamkia mama kwa adabu zote, "Mwadila, mayu," mama akaitikia na kuondoka na mzigo wake wa mabua.

"Maji yamekatika," Malimi alisema. "Siyo Migato peke yake. Itilima yote, na Maswa."

"Toka lini?"

"Leo siku ya tatu. Kiangazi hiki, unajua hali ilivyo. Watu wamerudi kufukua mtoni."

"Nani alibadilisha nini?"

"Hakuna anayesema. Naila anasema hajagusa. Bundala anasema hajagusa."

"Umewaulizaje?"

Malimi alifuta uso kwa kiganja. "Nimewaambia atakayebainika ataondoka."

Nyanjige aliyatazama mabua mikononi mwake. Alitamani sana kucheka. Kisha aliwafikiria watu mtoni, akaenda kunawa.

Ofisini alikuta meza ya Bundala imerudi chumba cha nyuma na mlango umefungwa. Alimwomba Malimi abaki nje. Malimi alitaka kubisha, akaacha. Nyanjige akaufungua mlango, akavuta viti vitatu.

"Sikuja kumtafuta mtu," aliwaambia. "Na kwa sababu mmeona yaliyonipata, sitawaahidi kwamba mkisema mtakuwa salama. Mimi si mwajiri wenu. Ninachojua ni kwamba watu hawana maji na mimi siwezi kuona mliyoyaona ninyi."

Bundala ndiye aliyeanza.

"Cheti cha seva kimekwisha muda," alisema. Cheti hicho ndicho kinachovifanya visanduku viiamini seva. Kikiisha, havipokei kitu. "Niliona onyo mwezi uliopita. Zamani ningesema hapo hapo. Lakini kukihuisha ilibidi Naila abadilishe kitu upande wake, na nikaona likiharibika litakuwa jina langu ukumbini."

"Onyo lilikuja na kwangu," Naila alisema. Machozi yalikuwa yanamshuka, lakini sauti yake haikutetereka. "Nilidhani Bundala ameliona. Nilijua hatutaongea. Hatuongei siku hizi, dada. Kila mtu anaficha cha kwake."

"Ukumbini pia mlijua," Nyanjige alisema. Hakupanga kulisema.

"Tulijua," Naila alijibu.

Walivuta kompyuta. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo; Naila alibadilisha upande wake, Bundala upande wa seva, wakajaribu kijiji kimoja kwanza ingawa Malimi alikuwa akigonga dirisha, kisha vingine. Jua lilipokuwa linaelekea magharibi, simu ya Lagangabilili ikaja kusema maji yanatoka. Kazi iliyowachukua alasiri moja ilikuwa imesubiri mwezi mzima mtu mmoja afungue kinywa.

Migato, kama kawaida, ilibidi iendewe. Asubuhi Nyanjige alikwenda na Bundala kwa pikipiki. Bombani alimkuta msichana mgeni ana funguo, na kwenye foleni, kati ya ndoo za watu wengine, Martha na ndoo yake.

Walisogea pembeni. Martha alimshukuru kwa yale maneno ya Lagangabilili. "Wabeja," alisema. "Wazee walinijia. Walitaka nirudie kazi."

"Mbona hukurudi?"

"Wale waliomwaga maji yangu ndio wale ningekuwa nawafungulia kila siku. Wananichekea vizuri sasa, wananisalimia. Lakini nikishika funguo, nitakuwa nangoja siku nyingine bomba litakapogoma." Alinyanyua ndoo yake tupu akasogea na foleni. "Kuchota nachota tu."

Malimi alikuwa akimsubiri mlangoni aliporudi Bariadi. Safari hii hakuzunguka. Alisema alikosea, alisema aliogopa, alisema nafasi yake ipo na kwamba Naila na Bundala ndio waliomtaka arudi.

"Kule ukumbini ulisema nilichosema mimi," Nyanjige alimjibu. "Ulichosema wewe kikaoni hukukisema. Kakiseme pale pale, kwa watu wale wale. Hapo tutaongea."

Malimi aligeuka kuitazama barabara. Pikipiki mbili zilipita. "Mkataba mpya unasainiwa mwezi ujao," alisema hatimaye. "Nikisema sasa hivi, watajiondoa."

"Basi."

"Nyanjige, wewe mwenyewe ulifundisha kwamba hakuna anayelaumiwa."

Hilo ndilo lililomuuma kuliko hata ukumbini. Alimtazama mtu aliyemfahamu tangu ujana, akaona kwamba hakuwa akimdhihaki. Aliamini anachosema. Alikuwa amelishika somo lote neno kwa neno, na lilikuwa limemtumikia.

Hakubishana naye. Alichukua mkoba wake, akaenda kwenye kituo cha magari ya Maswa kurudi Sola.

Naila aliondoka Chanzo kabla ya mvua za vuli, akaenda kusaidia duka la baba yake huku akitafuta kazi nyingine. Yeye na Nyanjige walianza kuandikiana tena, kidogo kidogo, zaidi juu ya kazi. Bundala alibaki, ana watoto shule. Mkataba wa Malimi ulisainiwa. Nyanjige alipata kazi Mwanza, kwenye kampuni ndogo ambako siku ya kwanza mkubwa wake alimweleza kwa fahari kwamba wao wana vikao ambavyo mtu husema kosa lake bila hofu.

"Vizuri," alisema.

Kikao cha kwanza kilipofika, kijana mmoja alieleza alivyofuta faili asilopaswa kufuta, na wote wakamsikiliza vizuri, wakatengeneza kilichohitaji kutengenezwa. Zamu ikamfikia Nyanjige. Alikuwa na jambo la kusema, dogo, kuhusu kazi ya juzi yake. Aliwatazama wale watu mmoja mmoja, watu ambao hawakuwa wamemfanyia lolote baya.

"Mimi sina," alisema.